Siri ya Jirani Ni Haki Yake

Mazungumzo na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kutoka Musoma, Bunda na Butiama



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya haki, na huenda wengi wenu mlitazamia tuanze na mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane au wizi wa ng'ombe, maana hayo ndiyo yanayoletwa mezani kwetu kila juma. Leo tumechagua jambo lisilo na mlalamikaji. Hajafika mtu kwetu hata siku moja akasema, "Nimeibiwa siri yangu, naomba nirudishiwe." Ng'ombe akiibwa hupigwa yowe, na nyayo zake hufuatwa hadi zinakopotelea. Siri ikiibwa mwenyewe hunyamaza, kwa kuwa kila akilalamika huitangaza zaidi.

Mtazameni mgeni anavyofika nyumbani kwa mtu. Hata mlango ukiwa wazi, hata akiwaona wenyeji wamekaa, husimama nje akapiga hodi. Asipoitikiwa mara ya tatu hugeuka akaenda zake. Hakuna askari anayemlazimisha. Wazee wetu walijua kwamba nyumba ina mwenyewe, na kwamba kuingia ni kwa ridhaa yake. Ila sisi tunaopiga hodi mlangoni, mara tukikaribishwa kiti, huingia katika maisha ya mtu bila hodi yoyote. Mbona hamjapata mtoto? Huyu mtoto baba yake ni nani? Pale hospitali wamekuambia nini? Mshahara wako unafika ngapi? Na mtu akijikunja asijibu, tunatoka tukisema anaringa.

Wapo wanaosema mbaya kuliko hilo. Katika Kanda yetu ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi shuka ya kwanza ya tuhuma hufumwa kwa mambo madogo sana: bibi fulani anakula peke yake, hatembelei watu, hasemi mambo yake. Ukimya wa mtu ukahesabiwa kuwa ushahidi. Ndiyo maana hatutaki mtu yeyote adhani kwamba mada ya leo ni adabu tu za mezani.

Tusiwalaumu watu bila kukumbuka tulikotoka. Wazanaki, Waikizu, Wakurya na wenzao walijenga miji yao mbalimbali, mashamba na malisho yakiwa kati ya jirani na jirani. Kati ya mwaka 1973 na 1976, katika operesheni ya kuhamia vijijini, tulisogezwa pamoja na kujengwa kwa mistari. Tulipata shule na zahanati karibu, na hilo tunalishukuru. Lakini hakuna aliyetufundisha namna ya kuishi kando ya mtu ambaye zamani ulimwona kwa mbali akichunga. Sasa kikohozi chake cha usiku tunakisikia, na ugomvi wake na mkewe tunausikia. Katika nyumba za kupanga za Musoma na Bunda ndiyo zaidi, kwa sababu kuta nyingine hazifiki darini na neno la chumba cha kwanza huamsha mtu wa chumba cha nne. Kusikia hivyo si kosa la mtu. Zipo nyumba ambamo wapangaji sita wanajua yote ya mwenzao, na asubuhi wanakutana bombani wakaulizana habari ya kuamka kana kwamba hakuna aliyesikia kitu. Hao, kwa maoni yetu, wamemtendea jirani upendo ambao sisi wahubiri tunauzungumza tu.

Tuje katika jumuiya zetu. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki na ya Kati walipoafikiana mwaka 1976 kuweka mbele ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo, Kanisa limekuwa jirani zaidi na mtu, na ujirani huo ni neema. Lakini nyote mnajua kinachotokea wakati wa maombi ya waamini. Mmoja anasimama, anafumba macho, anasema: "Tumwombee ndugu yetu fulani, ambaye juma hili amepata majibu mabaya hospitali." Mwingine anaendelea: "Tuiombee nyumba ya mama fulani, binti yao amerudishwa kutoka shule, Mungu awape moyo wa kuvumilia." Wote wanaitikia kwa huzuni. Hakuna aliyejiuliza kama mgonjwa alituma ombi hilo, wala kama mama yule aliyekaa kwenye mkeka, kichwa ameinamisha, alikuwa amekwisha kuamua kulisema. Mungu hakuhitaji kupewa jina na sababu ili asikie. Waliohitaji habari ni sisi. Siku hizi ombi hilohilo huandikwa katika kundi la simu la jumuiya, likifuatana na picha ya mgonjwa akiwa kitandani, shuka limemteleza, na kabla ya jua kuzama picha imefika Mwanza.

Mtatuambia kwamba nia ilikuwa njema. Tunakubali. Nia njema ilipimwa mahakamani na jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Sirari. Februari 2015 ilitolewa amri ya Rais kwamba watawala wa kaunti wakusanye takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI pamoja na walezi wao, na za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Ilielezwa kuwa shabaha ni kuwafikishia huduma. Wananchi na mashirika ya utetezi walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 7 Desemba 2016 Mahakama ikaamua kwamba amri ile ilivunja Katiba: ilikiuka faragha ya watu hao na haikuzingatia maslahi ya watoto. Serikali yenye madaktari na bajeti iliambiwa kwamba kutaka kumsaidia mtoto hakukupi ruhusa ya kuandika jina lake kwenye orodha. Sisi wenye mkeka na rozari tuna ruhusa gani zaidi?

Nchini mwetu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa letu hili. Walioishi miaka ile wanakumbuka jinsi jina lilivyokuwa likinong'onwa, na jinsi mtu alivyoanza kuzikwa na majirani akiwa bado analima. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na anayezitumia vizuri analea watoto wake hadi wakaoa na kuolewa. Hata hivyo tunawajua watu wanaoipita zahanati iliyo hatua chache kutoka kwao wakapanda gari hadi mbali, wasionwe wakichukua dawa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamfunga mtoa huduma atunze siri ya majibu. Jirani aliyekaa kwenye benchi la foleni hakula kiapo chochote. Nauli wanayolipa watu hawa kila wanapofuata dawa ni kodi inayotozwa na midomo yetu.

Kabla hatujaendelea kuwanyoshea wengine kidole, inatupasa tuungame la kwetu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alikuja kwetu kutaka ushauri juu ya ndoa yake. Alikaa muda mrefu akizungushazungusha ncha ya kanga yake kabla ya kusema. Tulimsikiliza, tukaandika katika daftari, tukamshauri, akaenda. Baada ya miezi michache tulikuwa na semina kama hii ya leo, tukahitaji mfano, nasi tukautoa wa kwake. Hatukutaja jina, na mioyoni tulijisifu kwa uangalifu wetu. Lakini tulitaja kwamba ana watoto saba, kwamba mume ni mvuvi, na kwamba mlango wa nyumba yao ulikuwa wa bati. Chumbani mle walikuwamo watu wa kijiji chake. Kabla ya chakula cha mchana jina lilikuwa limekwisha kupatikana, na jioni habari ilimfikia mumewe.

Yaliyompata hatutayasimulia. Tulikwenda kwake kuomba radhi. Alitoka nje akatupokea uani, akatuletea maji ya kunywa, akatusikiliza hadi mwisho, akasema amesikia. Hakutukaribisha ndani. Na msianze sasa kumtafuta akilini mwenu: idadi ya watoto si hiyo, kazi ya mume si hiyo, na mlango haukuwa wa bati. Kosa letu tunalisema kwa ruhusa yake, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuyasikia na kuyakubali.

Baada ya aibu ile tulirudi kwenye Maandiko, tukasoma upya mahali tulipodhani tunapajua. Katika Injili ya Mathayo, Yosefu anagundua kwamba Maria ana mimba. Ana sababu ya kulalamika hadharani, na sheria ya wakati ule ingemsikiliza. Anaazimu kumwacha kwa siri asimwaibishe, na ni papo hapo Mwinjili anapomwita mtu mwenye haki. Sisi tunaobeba jina la Haki na Amani tulikuwa tumeusoma mstari huo kila Majilio bila kuona kwamba haki ya Yosefu ilikaa katika kufunga mdomo. Katika Injili hiyohiyo Bwana anatupa utaratibu wa kumwendea aliyetukosea: kwanza wawili peke yao, akikataa, shahidi mmoja au wawili, na mwisho kabisa, Kanisa. Sisi aghalabu tunaanza na Kanisa, kisha mashahidi, na mwenyewe anaambiwa wa mwisho, kama tunamkumbuka.

Mafundisho ya Kanisa yanatofautisha masingizio na masengenyo. Masingizio ni kumzushia mtu uongo. Masengenyo ni kufunua kosa la kweli la mtu, bila sababu ya haki, kwa watu wasiolijua. Mtu akikemewa hujitetea, "Lakini ni kweli!" Utetezi huo haumwokoi, kwa kuwa dhambi yenyewe imefanywa kwa ukweli huo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 220, zinakataza mtu kuharibiwa jina lake jema pasipo haki, na zinakataza kuvunjwa kwa faragha yake. Katiba ya nchi yetu nayo, tangu sehemu ya haki za binadamu ilipoingizwa mwaka 1984, inayo Ibara ya 16 inayolinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia, unyumba, maskani na mawasiliano yake. Hatimaye mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inawataka wanaokusanya taarifa za watu wawe na sababu halali na wazihifadhi salama. Kigango chenye daftari la kaya, lenye safu ya nani ana ndoa na nani hana, kijiulize daftari hilo huwa linalala wapi.

Sasa tunalijua swali lililo vifuani mwenu, hasa akina mama. Je, anayempiga mkewe naye ana faragha? Wanaopanga kumkeketa binti usiku wa Desemba nao waachwe, kwa kuwa ni mambo ya ndani?

La hasha. Tena tunataka kulisema hili kwa mkazo, kwa sababu neno "mambo ya ndani" limewaponza watu wengi katika mkoa huu. Tulipolitafakari tuliona kwamba siri ya namna hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule anayeumia. Alama za fimbo ni siri ya mama aliyepigwa. Yeye ndiye mwenye haki ya kuamua amwambie nani, lini na kwa maneno gani. Mume hana siri hapo, ana kosa. Vivyo hivyo ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na ukoo hauwezi kuufunika kwa jina la mila. Msimu ukitangazwa na wazee wa mila, mabinti hukimbilia nyumba salama, kama zile za Mugumu huko Serengeti na Kiabakari hapa Butiama. Jirani aliyesikia mipango akanyamaza kwa kisingizio cha kutoingilia nyumba za watu amemsaidia ngariba.

Lakini hata hapo, upo utaratibu wa kusema. Anayepaswa kujua ni yule awezaye kuokoa: dawati la jinsia la polisi, afisa ustawi wa jamii, paroko, shangazi mwenye msimamo. Kumwambia mmoja anayeweza kusaidia na kuwaambia ishirini wasioweza ni matendo mawili yasiyofanana hata kidogo. Na binti akishafika salama, asigeuzwe kuwa maonyesho. Tumewaona wageni wakitoka gari lao na kamera kabla hata ya kusalimu. Msichana aliyekimbia ili mwili wake usiguswe bila hiari yake hastahili sura yake ichukuliwe bila hiari yake.

Tukiwa bado kwa mabinti, tukumbuke shule zetu. Kwa miaka mingi wasichana katika shule za nchi hii walipimwa mimba kwa lazima, na aliyekutwa nayo alifukuzwa. Nani kijijini hakujua sababu, mtoto akirudi na sanduku lake katikati ya muhula? Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanaojifungua waruhusiwe kurudi masomoni. Mwaka 2022 Kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto ilitoa uamuzi dhidi ya nchi yetu, ikiwamo kuhusu upimaji huo wa lazima, na kutaka ukomeshwe. Mkataba wa Afrika wa haki za mtoto, wa mwaka 1990, unamtaja mtoto kuwa naye ana faragha. Hili huwashangaza wazazi wengi, nasi lilitushangaza.

Jambo jingine linalotukera ni mizani yetu kugeuzwa. Mimba ya msichana wa miaka 16 inajulikana hadi mnadani, lakini mali aliyoipata kiongozi akiwa madarakani huitwa mambo yake binafsi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Na baada ya masharti hayo kulegezwa, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 iliendelea kumdai atangaze mali zake. Aliyeshika mali ya wote hana haki ya kuificha njia aliyoipatia yake. Ugonjwa wake, ndoa yake na machozi yake kwa mtoto wake ni vyake kama vya mtu mwingine.

Hapa Butiama tunao mfano mkubwa. Mwalimu Nyerere amelala Mwitongo, na tangu mwaka 2005 anaitwa Mtumishi wa Mungu, jimbo la Musoma likiwa limekabidhiwa kesi yake. Katika kesi ya namna hiyo maisha yote ya mtu huchunguzwa: maandishi yake, sala zake, mwenendo wake nyumbani na kazini. Hakuna uchunguzi unaoingia ndani ya maisha ya mtu kuliko huo. Na bado taratibu za Kanisa zinawataka wanaouendesha wale kiapo cha kutunza siri ya yale wanayoyasikia. Mtu ambaye hotuba zake zilisikika redioni kwa miaka zaidi ya 20 anapigiwa hodi hata baada ya kufa. Mama muuza dagaa wa mwaloni je?

Neno moja kwa vijana waliooana karibuni, maana hao huvunja wenyewe ua wa nyumba yao. Ugomvi wa usiku mmoja hupigiwa simu mama, dada na rafiki wawili. Asubuhi ninyi mmekwisha kupatana, lakini wale wanne bado wana hasira, na watakaa nayo miaka. Wengine watawatajia methali kwamba mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini sikilizeni vizuri: mwenye kuzaa humfunulia mkunga, na mgonjwa humfunulia mganga. Methali hizo hazikuwataja wapita njia. Mchagueni mmoja au wawili wenye kifua, na mengine yakae baina yenu na Mungu. Mtu ambaye kila kitu chake kinajulikana hana tena cha kumpa rafiki.

Kwa upande wetu tumefanya machache. Daftari la malalamiko halina tena majina, lina namba. Orodha ya majina imo katika sanduku la chuma, na ufunguo unashikwa na mtu mmoja. Chumba cha kusikiliza watu tumekihamishia upande wa nyuma, ili anayeingia asionekane kutoka barabarani. Katika semina hatutoi mfano wa mtu aliye hai bila kumwendea kwanza. Tunaziomba jumuiya zenu zijaribu kwa miezi mitatu kuombea wagonjwa bila kutaja jina wala ugonjwa, isipokuwa mwenyewe ameomba. Mtuletee habari jinsi ilivyokwenda.

Maswali tutayapokea sasa. Mwenye jambo asilotaka kulisema mbele ya wote atatukuta baada ya chai, nyuma ya sakristia, mmoja mmoja.